Usimamizi wa maji katika bonde la mto Mara

Usimamizi wa maji katika bonde la mto Mara ni jumla ya sheria, mipango na vyombo vinavyoongoza matumizi na ulinzi wa maji ya mto huo. Mto Mara huanza katika milima ya Mau nchini Kenya, hupita hifadhi za Maasai Mara na Serengeti, kisha wilaya za Mkoa wa Mara, Tanzania, na kuishia Ziwa Viktoria karibu na Musoma.

Historia

Tanzania Bara ilitunga sheria ya kudhibiti matumizi ya maji mwaka 1974. Baadaye nchi iligawanywa katika mabonde tisa, ili maji yasimamiwe kufuata mkondo wake na si mipaka ya mikoa. Sera ya Taifa ya Maji ilitolewa mwaka 2002, ikafuatwa na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009.

Sheria

Kwa sheria hiyo, maji yote ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Katika kugawa maji, matumizi ya nyumbani hutangulia. Yanafuata mahitaji ya mazingira, yaani kiasi kinachobaki mtoni ili viumbe wake waishi. Kilimo, migodi na viwanda huja baadaye.

Hivyo mkazi wa kata kama Ringwani, wilayani Serengeti, anayechota maji ya kupikia kwa ndoo hahitaji kibali. Anayejenga mtambo wa kuvuta maji ya kumwagilia mashamba anakihitaji, na anayemwaga majitaka mtoni pia. Vibali hutolewa na bodi ya maji ya bonde. Kwa mto Mara ni Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Viktoria, yenye makao Mwanza. Vijijini kuna jumuiya za watumia maji, ambazo hulinda vyanzo na kusuluhisha migogoro. Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto.

Changamoto

Machi 2022 maji ya mto Mara yaligeuka meusi na samaki wengi wakafa. Kamati ya serikali ilitaja kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza kuwa chanzo; maelezo hayo yalipingwa na watu wengi. Tukio hilo lilionyesha kwamba sheria haitoshi bila vipimo vya mara kwa mara vinavyoaminiwa na wananchi.

Tena, sheria ya Tanzania haiwezi kuzuia ukataji wa misitu ya Mau. Kwa sababu hiyo nchi hizo mbili hushirikiana kupitia Kamisheni ya Bonde la Ziwa Viktoria, yenye makao Kisumu, na kila tarehe 15 Septemba huadhimisha Siku ya Mara.