Albamu "mpya" za marehemu: zinatoka wapi, na zipi za kusikiliza?

Haya wadau, leo tuweke siasa pembeni kidogo tuongee muziki. Kuna swali nimeulizwa na washikaji zaidi ya mara moja: inakuwaje John Coltrane, mpiga saksafoni aliyefariki 1967, atoe albamu mpya 2018? Wengine wanasema ni ujanja wa makampuni kutuuzia makapi. Wakati mwingine ni kweli bwana, lakini si mara zote. Na kama una hela ya nusu saa tu pale kafe, ni vizuri ujue tofauti kabla hujaimaliza.

Mimi nazigawa hizi albamu za jazi na soul katika mafungu manne.

1. Mkanda uliopotea ukapatikana

Tarehe 6 Machi 1963 Coltrane na wenzake watatu, McCoy Tyner (piano), Jimmy Garrison (besi) na Elvin Jones (dramu), waliingia studio ya Rudy Van Gelder kule New Jersey, Marekani, wakarekodi siku moja wakaondoka. Kampuni yao, Impulse!, haikuitoa ile kazi, na masta, yaani mkanda wa kwanza kabisa wa studio, ukapotea. Kilichotuokoa ni nakala aliyoondoka nayo Coltrane mwenyewe, ikabaki kwa familia ya mke wake wa kwanza, Naima. Hiyo ndiyo iliyotoka Juni 2018 kwa jina Both Directions at Once. Humo mna nyimbo ambazo hata jina hazina, zina namba tu. Hii isikilize yote.

2. Onesho lililokaa darini

Hii ndo naipenda kuliko zote. Mwaka 1968 mwanafunzi wa sekondari wa miaka 16, Danny Scher, alimwalika Thelonious Monk aje kupiga piano shuleni kwao, Palo Alto, California. Yaani dogo wa shule anampigia simu gwiji! Watu wengi hawakuamini kama Monk angetokea. Akatokea kweli, tarehe 27 Oktoba, na bendi yake nzima. Mfanyakazi wa usafi wa shule aliomba aruhusiwe kurekodi, na yeye ataitengeneza piano ikae sawa. Mkanda ule ukakaa nyumbani kwa Scher miaka na miaka, hadi 2020 ulipotoka kama albamu, jina lake Palo Alto. Ina dakika 47 hivi, na utasikia Monk akipiga kwa furaha.

3. Albamu iliyotiwa kabatini

Marvin Gaye alitamba na What's Going On mwaka 1971. Mwaka uliofuata akaja na wimbo wa kisiasa, You're the Man, kipindi cha uchaguzi Marekani. Kwenye chati ya pop uliishia namba 50, na albamu iliyotakiwa kufuata ikasitishwa. Motown waliiachia Machi 2019, miaka 35 baada ya kifo chake. Lakini hapa kuwa makini: nyimbo nyingi za humo zilishawahi kutoka mojamoja kwenye mikusanyiko mingine. Kilicho kipya zaidi ni kuzikuta pamoja. Ni nzuri, ila anza na What's Going On kama hujaisikia.

4. Albamu ya zamani iliyorudishwa sokoni

Pharoah Sanders alitoa albamu iitwayo Pharoah mwaka 1977. Kwa miaka mingi ilikuwa adimu, watu wakiuziana nakala za magendo. Luaka Bop waliirudisha 2023, pamoja na rekodi mbili za jukwaani za 1977. Wimbo wa kwanza, Harvest Time, una dakika kama 20 na unakwenda polepole, hivyo tafuta hedifoni.

Fungu hilihili lina jambo linalotuhusu sisi Waswahili. Albamu ya Herbie Hancock ya 1971 inaitwa Mwandishi, na hilo ndilo jina la Kiswahili alilotumia. Wenzake nao walichukua yao: Buster Williams akawa Mchezaji, Eddie Henderson akawa Mganga, Billy Hart akawa Jabali. Wakati ule Wamarekani weusi wengi walitafuta majina ya Kiafrika, na Kiswahili kilipendwa sana. Warner waliiunganisha na albamu nyingine mbili za Hancock na kuzitoa upya 1994.

Sasa, kwa nini haya yote yana maana? Kwa sababu masta hufa. Tarehe 1 Juni 2008 moto uliunguza ghala la Universal kule Hollywood. Wengi hatukujua kilichopotea hadi gazeti la New York Times lilipoandika 2019 kwamba masta nyingi sana za wanamuziki wakubwa ziliteketea. Kampuni ilipinga ukubwa wa hasara hiyo, ila kwamba kuna zilizoungua haikukana. Angalia tena namba 1 na 2 hapo juu: zilizopona hazikuponea kwenye ghala la kampuni, zilikuwa majumbani kwa watu.

Kwa hiyo ukiona "mpya" au "toleo jipya", uliza mambo matatu. Ilirekodiwa mwaka gani? Mkanda umetoka wapi? Kimeongezwa nini ambacho hakikuwepo? Kama maelezo ya albamu hayajibu hata moja, usipoteze bando lako.

Na kama nyumbani kuna kaseti za mzee au babu zenye dansi au taarabu iliyorekodiwa redioni au ukumbini, msirekodi juu yake, wala msizitupe. Huenda ni nakala pekee iliyobaki.

Haya, wadau mnasemaje? Nani ana kaseti kama hizo kwao, na ipi kati ya hizi nne umeikubali?