Migongo ya Gisaka: Nakshi za Ndani katika Nyumba za Jirani Zetu wa Rwanda

Msafiri atokaye Kibondo, akapita Kakonko na Nyakanazi, kisha akashika njia ya Benaco hata akafika Rusumo, mahali ambapo mto Kagera huporomoka chini ya daraja na kuzitenga nchi mbili, huvuka mpaka bila kuhisi kwamba ameiacha nchi yake, kwa kuwa vilima anavyoviona mbele ni ndugu wa vilima vya Buha, nchi yetu Waha wa Kigoma, migomba ni ile ile, na maneno ya wenyeji, ingawa ni Kinyarwanda, humwingia Muha masikioni kwa wepesi unaomshangaza. Nchi hiyo ya mashariki mwa Rwanda ndiyo iliyoitwa Gisaka, ufalme uliojitawala wenyewe mpaka katikati ya karne ya 19, wafalme wa Rwanda walipoutia katika milki yao. Ufalme ulikwisha, lakini jambo moja la watu wake halikwisha, nalo ni nakshi za kuta zao.

Wenyewe huziita imigongo, na msomaji wa Kiswahili hana haja ya kamusi, maana neno ni letu pia: ni migongo, yaani matuta membamba yaliyochomoza ukutani, yakapita kwa pembe kali, yakakutana na kuachana, yakafanya almasi na mawimbi yaliyovunjika, na mara nyingine mizunguko mfano wa konokono. Masimulizi ya wenyeji humtaja Kakira, mwana wa mfalme Kimenyi, kuwa ndiye aliyeanza kuipamba nyumba yake hivyo, watu wakaiga. Kazi yenyewe, hata hivyo, kwa dahari nyingi ilikuwa mikononi mwa wanawake, nao waliirithisha binti zao.

Fundi huanza kwa mkaa. Huchora mistari yake, iliyonyooka kama iliyopigwa kwa uzi, kisha huchukua mavi mabichi ya ng'ombe, yaitwayo amase, akayachanganya na majivu ili kuondoa harufu na kuwafukuza wadudu, akayabandika kwa vidole juu ya mchoro, kidogo kidogo, mpaka mgongo ukasimama. Hapo hungoja, kwani kazi hii haikubali pupa: mavi yakaushwe, nyufa zizibwe, kisha yasuguliwe kwa msasa mpaka yawe laini kama ubao uliopigwa randa. Ndipo rangi zije. Nyeupe ni udongo mweupe wa bondeni. Nyekundu ni ngeu. Na nyeusi, ambayo ndiyo yenye taabu zaidi, hutokana na utomvu wa mshubiri uliochanganywa na majivu ya maganda ya ndizi pamoja na tunda la jamii ya ndulele. Ukipitisha kiganja juu ya kazi iliyokamilika, huamini tena kwamba asili yake ni zizini.

Nami naona kwamba siri ya sanaa hii imo katika vifaa hivyo hivyo. Mavi ni ya mfugaji, ganda la ndizi ni la mkulima, na ukuta mmoja umewachukua wote wawili, katika nchi ambayo wanasiasa walijitahidi mno kuwatenganisha. Mistari yake nayo inafanana na ile ya vikapu na mikeka, na ile ya insika, viambaza vya matete vilivyosukwa kwa nakshi nyeusi, ambavyo mgeni huweza kuviona hata leo katika nyumba ya kifalme ya msonge iliyojengwa upya huko Nyanza ya Rwanda; yaonekana mwenye ukindu na mwenye udongo wameazimana tangu zamani.

Pwani tumezoea kuona nakshi ikitazama nje. Mlango wa Mji Mkongwe wa Unguja, ambao nao umechanganya Oman, Bara Hindi na Afrika katika ubao mmoja, huelekea njiani, ukamtangazia kila mpitaji hadhi ya mwenye nyumba. Nakshi ya Gisaka imo ndani. Haionekani ila na aliyekaribishwa, akaketi, na macho yake yakazoea kiza, na moto wa jikoni ukatupa mwanga upande mmoja wa migongo na kivuli upande wa pili, ukuta ukawa kama unatembea.

Mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 yaliwachukua wengi waliokuwa na ujuzi huu, na ulikaribia kupotea. Walioufufua ni wanawake wa Nyakarambi, wilayani Kirehe, mwendo mfupi kutoka Rusumo, ambao miongoni mwao walikuwamo wajane, katika ushirika unaolichukua jina la Kakira. Siku hizi migongo hufanywa zaidi juu ya mbao, ikauzwa kwa wageni na mahoteli, na wanaume nao wameingia kazini. Siwalaumu, kwa kuwa ubao umewapatia riziki; ila ubao ulioning'inizwa chini ya taa ya umeme hautembei kama ule ukuta.

Huku kwetu Buha misonge ya nyasi imetoweka, hasa tangu Operesheni Kigoma ya mwaka 1972 ilipowakusanya watu vijijini, na leo Kasulu ni mji wa matofali ya kuchoma na mabati. Lakini ng'ombe wapo, majivu yapo, maganda ya ndizi hutupwa kila siku, na mshubiri huota bila kupandwa. Kwa hiyo nawasihi walimu wa Kasulu na Kibondo wawapeleke wanafunzi wao Nyakarambi wakajifunze kwa vidole vyao. Na wewe msomaji, kama bibi yako yu hai, kamwulize nyumba alimozaliwa ilikuwaje kwa ndani, ukayaandike majibu yake mwaka huu huu.