Subira Si Kunyamazia Dhulma

Ndugu Waislamu, mara nyingi tunauliza kwa nini mke anayepigwa haondoki. Anahofia kutenganishwa na wanawe, hana pa kulala, na akirejea kwao huambiwa: “Rudi ukasubiri, ndoa ni kuvumiliana.” Hivyo jamaa zake ndio wanaomfunga.

Ilhali Bibi Aisha (r.a.) amesimulia, katika Sahihi Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) hakupata kumpiga mwanamke kwa mkono wake. Nayo Suratun-Nisaa, aya ya 35, inaagiza mwamuzi kutoka kila upande panapokuwa na mfarakano. Hata Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inakataza kumpiga mwenza.

Basi wazazi, binti akirejea na majeraha, tumpokee na tumsikilize. Subira ni ibada. Kumsukuma arudi kwenye kipigo ni kushiriki dhulma.