Madaraja Makubwa ya Dunia (2): Brooklyn na Nyaya za Udanganyifu

Wiki iliyopita tulieleza kanuni ya daraja la kuning'inia: barabara huning'inizwa kwenye kebo, kebo hutwisha minara uzito huo, na ncha zake hushikiliwa nchi kavu na nanga kubwa za mawe. Leo tuzuru Daraja la Brooklyn, New York, lililofunguliwa tarehe 24 Mei 1883.

Anayelivuka kwa miguu hupita njia ya mbao iliyoinuliwa juu ya barabara ya magari. Afikapo katikati, kebo hushuka hadi karibu naye. Ziko nne, kila moja ina kipenyo cha sentimita 40 hivi, na ndani yake mna nyaya za feleji zaidi ya 5,000 zilizofungwa pamoja. Waya mmoja ukikatika, maelfu mengine huendelea kubeba. Kutoka mnara hadi mnara ni mita 486, umbali ambao hakuna daraja lililokuwa limeufikia siku zile.

Minara hiyo ina gharama yake. Ili kujenga misingi, makasha makubwa ya mbao yasiyo na sakafu yalizamishwa mtoni, yakajazwa hewa yenye shinikizo kubwa ili maji yasiingie, na watu wakachimba humo ndani. Aliyetoka upesi, naitrojeni iliyoyeyuka mwilini mwake iligeuka mapovu. Wapo waliopooza, wapo waliokufa. Mhandisi mkuu Washington Roebling, aliyeipokea kazi baada ya baba yake John kufariki mwaka 1869, naye aliugua maradhi hayo. Mkewe, Emily, alijisomea uhandisi, akawa kiungo kati ya mumewe kitandani na mafundi darajani kwa zaidi ya miaka kumi. Kwangu mimi, jina lake lastahili kutajwa pamoja na ya wanaume hao wawili.

Mwaka 1878 ikagundulika hila. Mkandarasi wa nyaya alikuwa akiwaonyesha wakaguzi waya mzuri, kisha njiani akiubadilisha kwa mbovu. Mwingi ulikuwa umekwisha kufungwa ndani ya kebo, haukuweza kutolewa. Roebling akapiga hesabu upya. Kebo zilikuwa zimesanifiwa kubeba mara sita ya mzigo uliohitajika. Pamoja na waya mbovu, bado zingebeba takriban mara tano. Akaamuru kila kebo iongezwe nyaya 150, kwa gharama ya mkandarasi. Huo ndio uhandisi ninaouheshimu: kuacha nafasi ya makosa, hata ya uovu, ambayo msanifu hawezi kuyaona mapema. Nyaya zile mbovu zimo humo hadi leo.

Brooklyn pia ina nyaya za mshazari zinazotoka minarani moja kwa moja hadi barabarani. Msomaji uliyeko Dar es Salaam, ukipita Daraja la Nyerere kule Kigamboni, tazama juu: pale nyaya za mshazari ndizo zinazobeba. Tofauti ya mifumo hiyo miwili tutaieleza wiki ijayo.