Makofi Yaliyowarusha Heroe

Ukutani mwa afisi yangu chuoni imetundikwa picha ya heroe, au flamingo kama tuwaitavyo wengi wetu, wakiruka kwa maelfu juu ya Ziwa Bogoria, mabawa mekundu kama makaa ya moto. Kila mgeni huisifu. Nami hunyamaza, kwa sababu ndege hao hawakuruka kwa hiari yao.

Nilikuwa ufuoni na wanafunzi wangu. Kamera yangu ilikuwa na lenzi ndefu ya milimita 400, ambayo kazi yake hasa ni kumleta ndege karibu ilhali mpigapicha yuko mbali. Nilikwisha kuwapiga picha wakila: shingo zimeinama, midomo imepinduliwa majini, wakichuja mwani ambao ndio chakula chao. Zilikuwa picha nzuri, ila tulivu mno kwa tamaa yangu. Nikamwambia kijana mmoja apige makofi.

Sisi wanaisimu hufundisha kwamba katika "piga picha" kitenzi hicho hakina tena maana ya kuumiza. Siku hiyo nilishuku somo langu. Heroe anayerushwa huacha kula, na hupoteza nguvu alizozichuma kwa kula. Tangu 2011 Bogoria, pamoja na Nakuru na Elementaita, ni urithi wa dunia, na wageni wenye kamera ni wengi.

Yule kijana sasa ni mwalimu. Juzi ameniomba nimwazime lenzi ile, awapeleke wanafunzi wake Bogoria. Nimekubali. Nitakapomkabidhi, itanibidi nimweleze kwamba siku ile nilikosea mimi, wala si yeye.