Neno "Pekee" katika Rununu ya Mama Anayenyonyesha

Rununu imekuwa mshauri wa akina mama wengi wanaonyonyesha. Nchini Tanzania, kampeni ya Wazazi Nipendeni, iliyozinduliwa mwaka wa 2012, iliwatumia wajawazito na wazazi wa watoto wachanga arafa za Kiswahili bila malipo. Nchini Kenya, huduma ya PROMPTS humwezesha mama kuuliza swali kwa arafa, kwa Kiswahili au Kiingereza, na kujibiwa.

Hata hivyo, ufanisi wa teknolojia hii hutegemea pia uteuzi wa maneno. Tuchukue kauli: "Mpe mtoto maziwa ya mama pekee kwa miezi 6." Mtaalamu wa afya hukusudia kwamba mtoto asipewe kitu kingine chochote, isipokuwa dawa anapoandikiwa. Mama naye aweza kufasiri kwamba yaliyokatazwa ni maziwa mengine tu, akampa maji. Utata huu ni wa kisemantiki, lakini athari yake ni ya kiafya: maji machafu huleta kuhara, na tumbo lililojaa maji hunyonya kidogo.

Maneno matatu tu, "hata maji asipewe", yatosha kuuondoa utata huo. Hivyo basi, waundaji wa programu hizi wanamhitaji mwanaisimu sawa na wanavyomhitaji mkunga.