Amana ya Mama

Maziwa ya kwanza ya mzazi, yaitwayo dang'a, huwa machache, mazito na ya manjano. Na kwa kuwa hayafanani na maziwa meupe yatakayofuata baada ya siku mbili tatu, ziko nyumba ambamo hudhaniwa kuwa ni uchafu, yakakamuliwa na kumwagwa, na mwana mchanga akanyweshwa maji ya sukari. Ni msiba mkubwa, maana hicho kimwagwacho hakiuzwi katika duka lolote la dawa.

Mwaka 1892 tabibu wa Ujerumani, Paul Ehrlich, alieleza majaribio aliyoyafanya kwa panya na sumu za mbegu mbili tuzijuazo sana pwani: mbarika, na tipitipi, ile mbegu nyekundu yenye doa jeusi. Aliwazoeza panya majike sumu hizo kidogo kidogo hata wakastahimili kiasi ambacho kingewaua wenzao. Kisha akawabadilisha watoto, wa mama asiye na kinga wakanyonya kwa mwenye kinga, na wa mwenye kinga wakanyonya kwa asiye nayo. Waliolelewa na mwenye kinga waliipata, ijapokuwa hakuwazaa. Na waliotengwa na mama yao iliwatoka upesi. Ama baba, hata awe na kinga ya namna gani, hakurithisha kitu.

Kwa binadamu kinga hupita njia mbili. Katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba, kondo la nyuma huchukua kingamwili katika damu ya mama na kuzivusha kwa mtoto, kwa bidii hata aghalabu yule anayezaliwa kwa wakati wake huwa nazo nyingi kuliko mamaye. Na ndiyo sababu mojawapo ya kumhofia njiti, aliyetoka kabla amana haijatimia. Njia ya pili ndiyo dang'a, yenye kingamwili za jinsi nyingine, zisizoingia katika damu bali hutanda juu ya utando wa matumbo na kuwazuia vijidudu wasipenye.

Lakini amana hii ina muda. Zile za damuni hupungua kwa nusu kila baada ya majuma matatu hivi, na maadamu zingali nyingi huweza kuidhoofisha chanjo ya surua kabla haijaufunza mwili wa mtoto kujilinda wenyewe. Kwa hiyo Tanzania na Kenya chanjo hiyo huanza kutolewa mtoto atimizapo miezi 9.

Mama achanjwapo pepopunda wakati wa mimba, kinga yake humfikia mtoto kabla kitovu hakijakatwa, na kidonda cha kitovu ndicho mlango wa maradhi hayo. Basi mjamzito asiikimbie sindano hiyo. Na bibi amwangaliaye mzazi, tafadhali, asiimwage dang'a, bali mtoto awekwe kifuani mwa mama yake anyonye ndani ya saa ya kwanza.